Kuchora ramani ya mashamba madogo ya Nairobi: nukta kwa simu, ukubwa kwa tepu

Anza na swali, si programu. "Tuchore mashamba ya Nairobi" si swali. "Kati ya Bwawa la Nairobi na Mukuru, nani anamwagilia sukuma wiki kwa maji ya Mto Ngong, na mfereji ulio karibu uko umbali gani?" hilo ni swali, na lenyewe litakuambia fomu iwe na nini na iache nini. Kila kitu kinachoingia kwenye fomu bila kazi maalumu kinamchosha mkulima, na wewe kinakuongezea data ya kulinda.

Vifaa havigharimu mengi: simu ya Android, pawabanki, tepu ya mita 50, daftari, na kompyuta yenye QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani. Fomu itengeneze kwenye KoboToolbox au ODK, programu za kukusanya data kwa simu, kwa sababu zote mbili hufanya kazi bila intaneti na kupakia data ukirudi penye mtandao. Utafiti rasmi unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka ueleze unachokusanya na sababu yake kabla mtu hajakubali. Ridhaa iandike kwa Kiswahili cha kawaida na uisome kwa sauti. Namba ya kitambulisho usiiombe, ramani haiihitaji. Mpe kila mkulima msimbo kama KW-014. Daftari linalounganisha misimbo na majina lifungiwe mahali pake, mbali na faili ya data.

Nukta

Asubuhi kabla ya kutoka, washa data ya simu kwa dakika chache huku umesimama nje. Simu hupakua taarifa za mahali setilaiti zilipo, na ukifika shambani inajipata haraka. Bila hilo, kipimo cha kwanza huchukua muda, mtu akakosa subira na kubonyeza "hifadhi" kosa likiwa bado mita 40.

Simama katikati ya shamba, si mlangoni wala chini ya mti, shika simu wazi mkononi na usubiri kosa lishuke hadi mita 5 au chini. Kwenye fomu ya ODK unaweza kuweka kikomo hicho ili kipimo kisikubalike kabla ya hapo. Namba hiyo nayo ni makadirio: kwenye Android, "mita 5" maana yake uwezekano wa kama asilimia 68 kwamba uko ndani ya duara hilo. Karibu mara moja kati ya tatu, uko nje yake.

Kibera, Mathare na Mukuru tatizo huwa mabati na kuta. Mawimbi ya setilaiti hugonga mabati yakarudi simuni yamechelewa, na nukta ikaruka upande wa pili wa kichochoro. Kwa bustani za magunia, usijaribu kuchora umbo. Chukua nukta moja mahali palipo wazi karibu, hesabu magunia, andika mimea iliyomo (sukuma, managu, terere) na upige picha ya mahali penyewe.

Ukubwa

Hapa ndipo ramani nyingi za mjini huharibika. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni mita 15.24 kwa 30.48, yaani mita za mraba 464.5. Ukiizunguka na simu, kila kona ikatoka nje kwa mita 3 kila upande, utapata mita za mraba 775. Zikiingia ndani kwa kiasi hicho, utapata 226. Mkulima wa mahindi anayetumia mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP kwa ekari anahitaji kilo 5.7 kwa ploti hiyo. Kwa kipimo kibovu cha kwanza, ushauri wako utamwambia kilo 9.6. Mbolea ya ziada ni hasara yake, si yako.

Kwa hiyo chini ya ekari moja, tumia tepu. Shamba lenye kona zisizo sawa ligawe katika pembetatu, pima pande tatu za kila moja, kisha chukua nusu ya jumla ya pande. Zidisha nusu hiyo kwa tofauti yake na kila upande, halafu utafute kipeo cha pili. Pande za mita 9, 12 na 15 zina nusu ya 18: 18 × 9 × 6 × 3 ni 2,916, na kipeo chake ni mita za mraba 54. Kuanzia ekari moja kwenda juu, kama kwenye mashamba ya Ruai, kuzunguka na simu kunatosha.

Ukichukua udongo siku hiyohiyo, chimba sehemu 10 hadi 15 kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki (ya mabati huacha zinki kwenye sampuli) na ubakishe nusu kilo. Mfuko uandikwe msimbo wa shamba. Namba ndefu za latitudo huandikwa vibaya kwa wino unaofutika, na maabara haina kazi nazo.

Kwenye kompyuta

Kobo hukupa latitudo, longitudo, mwinuko na usahihi katika safu nne. Ondoa au rudia nukta zenye kosa la zaidi ya mita 10. Unapoingiza CSV kwenye QGIS, longitudo ndiyo X na latitudo ndiyo Y, na mfumo wa viwianishi ni EPSG:4326, yaani WGS 84 inayotumiwa na GPS ya simu. Makosa ya hapa yana sura zake, ukizijua utayatambua mara moja. Nukta zikitua Samburu karibu na Maralal, alama ya kutoa imepotea kwenye latitudo, maana Nairobi ni −1.28. Zikielea Bahari ya Mediterania karibu na Hispania, umebadilisha X na Y. Zikikaa vizuri zenyewe kwa zenyewe lakini zimeachana na ramani ya karatasi ya Survey of Kenya kwa karibu mita 300, ramani hiyo iko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani, na wewe uko kwenye WGS 84. Ipe mfumo wa EPSG:21037 na QGIS itairekebisha.

Kabla ya kupima umbali wowote, hamisha tabaka liwe EPSG:32737, ambalo hutumia mita. Asiyefanya hivyo, akachora ukanda wa "30" kando ya mto, hupata nyuzi 30: ukanda unaofika Misri upande mmoja na Afrika Kusini upande wa pili.

Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure na hupita kila baada ya siku 5, lakini kigae kimoja cha picha (pikseli) ni mita 10 kwa 10. Ploti yako ya 50 kwa 100 haifiki vigae vitano, na karibu vyote vimechanganyika na ukuta au barabara. Kusoma afya ya mimea ya ploti moja kwa picha hizo ni kupiga ramli. Zitumie kwa maeneo mapana, na uanze kutafuta picha zisizo na mawingu za Januari na Februari. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa mji wenye viwanja vya ndege vya Wilson, Eastleigh na JKIA, aghalabu haifai usumbufu huo.

Kurudisha ramani

Nakala ya wakulima ichapishwe A1 kwa kipimo cha 1:2,500. Sentimita moja ni mita 25, ploti inaonekana kama milimita 6 kwa 12, na karatasi inabeba eneo la karibu kilomita 1.5 kwa 2.1. Weka kwanza vitu vinavyojulikana: shule, kanisa, msikiti, stesheni ya matatu, daraja, mto. Usiitundike ukutani. Itandaze mezani, uigeuze hadi barabara ya kwenye karatasi ielekee upande ilipo barabara yenyewe, kisha waombe waonyeshe daraja kabla ya kuonyesha mashamba. Kalamu mpe anayechota maji. Mzee wa mtaa akiishika yeye, wengine hunyamaza.

Nakala ya umma ni kitu kingine. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliwahamisha watu waliokaa ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito ya Nairobi, na wakulima wengi wa mjini wako humohumo, au kwenye ardhi ya reli na barabara. Nukta yako inaweza kuwa anwani ya tingatinga. Kusogeza nukta mita 100 hakufichi kitu: kando ya mto kijani kiko mahali pamoja, mtu atakisia. Chapisha hesabu kwa wadi au kwa miraba ya mita 500, na mraba wenye kaya chini ya tano uache mtupu. Picha nazo hubeba mahali zilipopigwa. Ukizituma WhatsApp kama dokumenti, namba hizo huenda nazo. Zifute kwanza.

Majibu ya udongo yaende kwa ujumbe mfupi, kwa kuwa kabambe, simu ya vitufe, haifungui PDF: "KW-014: pH 5.2, weka chokaa kabla ya mvua za Machi." Masahihisho yaliyoandikwa kwenye karatasi yaingize ndani ya wiki hiyo, kukiwa na safu ya tarehe ya mabadiliko, kisha chapisha nakala mbili mpya: moja kwa kikundi, moja kwa afisa wa ugani wa wadi. Ile ya zamani ichukue, isije ikaendelea kutumika ikiwa na mashamba yaliyokwisha kujengwa.