Gari la kulala: kodini kwanza
Wale mnaopiga hesabu ya kununua Land Cruiser yenye hema juu ya paa, ili familia itembee na kulala humo humo, kodini kwanza, hata wikiendi moja. Arusha zipo za kukodi, zile za watalii. Sasa msiishie kuizungusha kwenye lami ya Dodoma mjini. Ipelekeni Kondoa: lami mpaka Kolo, halafu ile njia mbovu ya kupandia kwenye michoro ya miambani, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Hapo mtajua mzigo wa paani unavyoyumbisha gari na dizeli inavyokwenda.

Mtihani wenyewe ni usiku. Upepo wetu wa Julai mnaujua. Turubai likipigwa usiku kucha, nani atalala? Halafu mwangalieni bibi akishuka ngazi saa nane usiku kwenda kujisaidia. Mimi hapo ningenunua hema la chini, bei yake ndogo tu.

Kabla ya kuondoka pigeni picha kila mkwaruzo, na mkataba useme wazi: pancha na kioo ni juu ya nani. Maji bebeni kutoka mjini.