Nyasi haishiki chini ya mti? Soma hii kabla ununue gunia lingine

Kama unaishi Nairobi na kwa kompaundi kuna mti mkubwa, iwe mwembe, avokado, jakaranda ama mukima, unajua ile duara ya udongo mtupu hapo chini, mvua ikinyesha ni matope mpaka mlangoni na kiangazi ni vumbi. Wengi wetu tunanunua kikuyu grass kando ya barabara, inapandwa, wiki chache inapendeza, halafu inaanza kuwa nyembamba, inageuka manjano, inaisha, na mtu anarudi kununua ingine. Tafadhali wachana na hiyo. Kikuyu grass ni nyasi ya hapa kwetu nyanda za juu, imezoea mahali wazi penye jua, na kivuli kizito hakitibiwi na mbolea. Na mti usikatwe kwa sababu ya nyasi, mti wa miaka thelathini huupati tena.

Anza na mwanga. Chukua siku moja ya jua, kila baada ya lisaa chungulia uone hapo chini pamepigwa na jua masaa mangapi. Ikifika masaa sita, kikuyu bado inaweza. Ikiwa ni matatu ama manne, ama ni yale madoadoa ya jua yanayopenya kwa majani siku nzima, weka nyasi ya Pemba, ile ya majani mapana inayotambaa. Ikiwa chini ya hapo sahau nyasi kabisa, panda vitu vingine nitakavyotaja. Halafu kuna jambo watu hawaliangalii, sisi tuko kusini ya ikweta lakini karibu sana, kwa hivyo Juni na Julai jua linapitia upande wa kaskazini na Disemba linapitia kusini. Mahali umeona pana mwanga mzuri Januari panaweza kuwa kivuli tupu Julai, na Julai yenyewe vile mnaijua, mawingu siku nzima na baridi, nyasi hata penye jua inakua polepole.

Unaweza kuongeza mwanga bila kuumiza mti. Toa matawi ya chini na yale yamesongamana katikati, lakini usipitishe robo ya majani kwa mara moja, na fundi akikwambia anataka kukata kichwa chote cha mti mwambie hapana, utapata vichipukizi dhaifu vingi vinavyovunjika na upepo na kivuli kinarudi kizito zaidi.

Sasa maji. Hii ndio inaua nyasi kuliko watu wanavyodhani. Baada ya mvua ya kawaida enda chini ya mwembe ukwaruze udongo na kidole, utapata juu pamelowa kidogo tu na sentimita mbili chini ni vumbi, kwa sababu majani yameshika mvua na ile kidogo imepita mizizi imeinywa. Mizizi mingi inayokula iko hapo hapo juu, kwa sentimita thelathini za kwanza. Kwa hivyo usichimbe na jembe. Tumia panga ndogo ama mkono, tengeneza vishimo kati ya mizizi, mzizi mnene kuliko kidole gumba usiuguse, na changanya samadi iliyooza vizuri kwa kila kishimo.

Na lile lori la udongo mwekundu, jamani. Mtu anamwaga udongo kwa mizizi mpaka shina linafunikwa, panakaa smati sana, halafu baada ya mwaka ama miwili mti unaanza kukauka kutoka juu na hakuna anayejua ni kwa nini. Mizizi inahitaji hewa na gamba la shina likikaa kwa unyevu linaoza. Ukiongeza udongo iwe safu nyembamba, sentimita tatu hivi, na shina liachwe wazi.

Panda mvua ikianza, mwisho wa Machi ama Oktoba, ndio mvua ikusaidie kumwagilia. Vipande vya Pemba viwe karibu karibu, kama sentimita kumi, kwa sababu kivulini havitambai haraka, na watoto na magari wasipite hapo miezi miwili hivi. Mvua ikipotea mwagilia asubuhi, maji mengi mara chache, sio kunyunyizia kila jioni.

Penye kivuli kabisa weka spaida planti ya maua, ile ya mstari mweupe, inajaza haraka na ukiomba jirani atakupa vitoto bure. Ferni, monstera, sanseveria zote zinavumilia. Bizi lizi ni ya hapa Afrika Mashariki na inatoa maua kivulini, bora isikauke. Ukitaka chakula jaribu tangawizi penye jua la madoadoa.

Avokado uiangalie peke yake. Mizizi yake iko juu sana na inaoza ikikaa kwa maji, haswa wale mko Embakasi na Syokimau na ule udongo mweusi unaoshika maji, kwa hivyo hapo usiweke mimea ya kumwagiliwa kila siku, yaache majani yake yenyewe yafunike udongo. Chini ya mikaratusi na saipresi pia usijitese, mizizi inamaliza maji na majani yanayoanguka yanazuia mimea midogo, weka vipande vya mbao ama kokoto na utengeneze mahali pa viti.

Nyasi ikishashika, usiinyoe sana. Mwambie anayekata ainue mashine, ibaki sentimita saba ama nane, majani marefu ndio yanashika ule mwanga kidogo uliopo. Na jakaranda ikianza kumwaga maua hapo Oktoba yafagie kila siku mbili tatu, yakilala juu ya nyasi changa yanaifunika na inaoza.