Kikopo, kura na jalada: kupima na kusimamia wanaorudia makosa wakiwa probesheni Malindi

Kabla ya kununua hata kikopo kimoja cha kupimia mkojo wa mtu aliye probesheni, yaani aliyeachwa nje ya jela chini ya uangalizi, fungua jalada usome amri ya korti neno kwa neno. Chini ya Sheria ya Probesheni, Sura ya 64 ya Sheria za Kenya, amri haipungui miezi 6 wala haizidi miaka 3, na mkosaji mwenyewe lazima awe ameikubali. Kama sharti la kupimwa mkojo halimo, afisa hawezi kulichomeka kwa kalamu yake. Rudi kwa hakimu uombe amri irekebishwe. Sharti lenyewe litaje atapimwa dawa zipi, ataitwa vipi, ana saa ngapi za kufika, na kukataa au kuchezea sampuli kutahesabiwaje. Amri inayosema tu "ajiepushe na mihadarati" wakili yeyote ataibomoa kwa asubuhi moja.

Usimpime kila mtu. Anayeiba betri za tuk-tuk ili apate pesa ya kete ya unga (heroini), huyo mpime. Anayerudia makosa kwa ugomvi wa shamba kule Ganda, mkojo wake hautakwambia kitu. Na muuza unga asiyeonja bidhaa yake atakupa mkojo safi mwaka mzima huku biashara ikiendelea. Huyo anahitaji ukaguzi wa makao na mapato. Vifaa ni haba, kwa hivyo viende kwa wale ambao dawa ndiyo inayowarudisha kizimbani.

Kuchagua kaseti

Mjini Malindi dawa za kuangalia kwanza ni unga, bangi na bugizi, yaani tembe za jamii ya benzodiazepini. Tatizo kubwa la manunuzi liko kwenye unga. Kaseti, yaani vibao vya plastiki vya kupimia mkojo, huuzwa kwa viwango viwili: iliyoandikwa MOP hugundua mofini (ambayo unga hugeuka kuwa mwilini) kuanzia nanogramu 300 kwa mililita, na iliyoandikwa OPI huanzia 2000. Hiyo ya pili ilikusudiwa waajiri wasiotaka kusumbuliwa na watu waliotumia kodeini kidogo. Kwa probesheni inakupotezea karibu siku nzima ya ushahidi. Agiza ya 300. Bangi chukua ya 50, benzodiazepini 300.

Ongeza mstari wa methadoni, MTD, dawa inayotumika kutibu uraibu wa unga. Hospitali ya Malindi imekuwa na kliniki ya methadoni tangu 2015, na baadhi ya watu wako watakuwa wateja wake. Methadoni haionekani kwenye mstari wa mofini. Kwa hivyo mteja wa kliniki anayekunywa dozi yake na kuacha unga atatoka hana mofini na ana methadoni, na hayo ndiyo majibu unayoyataka. Asiyeelewa hili humwandikia mtu "amekutwa na dawa" na kumpeleka kortini kwa kosa la kutibiwa. Kinyume chake pia kina maana: aliyeandikishwa kliniki halafu mstari wa methadoni unasema hana, huenda hanywi dozi. Ulizia kliniki kabla ya kumshika shati.

Muguka na miraa kaseti hizi hazikutengenezwa kuzitambua. Mnazi na chang'aa hutoka mwilini kwa saa chache, kwa hivyo mlevi apimwe pumzi kwa kifaa cha kupuliza, au maabara itafute mabaki ya pombe yaitwayo EtG, yanayoweza kuonekana hadi siku tatu hivi.

Kaseti zitunzwe kati ya nyuzi 2 na 30. Ofisi yenye paa la mabati mwezi wa Machi hupita 30 bila taabu, na boksi likikaa juu ya kabati mwezi mzima usiamini tena majibu yake. Tafuta chumba chenye kivuli, weka kipimajoto ndani ya boksi, andika kila asubuhi kinasoma nini.

Kura ya asubuhi

Mofini ya unga hukaa kwenye mkojo siku mbili hadi tatu. Ukiwaita watu kila Jumatatu na Alhamisi, umewachorea ramani: mtu anatoka kwako Alhamisi saa nne, anavuta jioni hiyo, Jumatatu anarudi safi. Kupima kwa siku maalumu hakufai kwa unga.

Gawa watu kwenye vikundi vinne vya majina yasiyomfichua mtu. Majina ya samaki yanafaa: changu, tafi, pono, nguru. Weka vifuniko vinne vya chupa ndani ya mkebe, na kila siku ya kazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi chota kimoja. Tuma ujumbe mmoja kwa wote: "Leo ni tafi. Mwisho saa saba mchana." Halafu rudisha kifuniko mkebeni. Wengi hukosea hapo. Kifuniko kisiporudi, aliyepimwa Jumatatu anajua yuko huru hadi wengine watatu waishe.

Kwa mpangilio huu kila mtu huitwa mara tano au sita kwa mwezi. Lakini hesabu ya bahati inasema pia kwamba katika wiki yoyote, karibu mtu mmoja kati ya wanne hatachotwa hata siku moja. Kwa hiyo mwite Ijumaa yeyote ambaye hadi Alhamisi hajachotwa, na usiwatangazie kanuni hiyo. Baada ya miezi miwili safi, punguza.

Wavuvi wanahitaji utaratibu wao. Aliyeko baharini usiku wa bamvua hawezi kufika saa saba, wala ujumbe haumfikii. Mkubaliane akujulishe kabla ya kutweka, na apimwe siku ileile anapotia nanga. Ukitaka kuthibitisha, muulize karani wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) saa chombo kilipotua, basi. Sababu ya swali haimhusu. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu huyu kama yako, na Malindi ni mji mdogo.

Mwezi wa Ramadhani usimlazimishe aliyefunga kunywa maji. Mwite ofisi inapofunguliwa tu, wakati maji ya daku bado hayajaisha.

Chooni

Andaa kabla hajafika: mfereji wa chumba ufungwe, sabuni na dawa ya kusafishia zitolewe, maji ya choo yatiwe rangi ya buluu. Msimamizi awe wa jinsia moja naye. Mwanamke aliyevaa buibui asimamiwe na mwanamke tu, na kama hayupo siku hiyo, ahirisha. Kifungu cha 28 kinachohusu utu hakisimami mlangoni mwa choo.

Kabla ya kikopo, muulize: "Kaka, nikipima leo nitakuta nini?" Nyamaza umsubiri. Akikiri, andika, atie sahihi, kisha pima vilevile. Kukiri kumpunguzie adhabu, na lijulikane hilo tangu siku ya kwanza, la sivyo hakuna atakayekiri. Muulize pia dawa zote alizomeza wiki hiyo, na ziandikwe kabla majibu hayajaonekana. Orodha inayotolewa baada ya majibu kuonekana haina uzito.

Sampuli iwe mililita 45: 30 za kupima na 15 za akiba. Ndani ya dakika nne angalia kibandiko cha joto. Mkojo uliotoka mwilini sasa hivi husoma kati ya nyuzi 32 na 38. Hapa Pwani tahadhari. Miongozo iliyoandikiwa nchi za baridi huchukulia kuwa mkojo ulioletwa na chupa utakuwa umepoa. Malindi joto la mchana wa Machi lenyewe linafika nyuzi 32 hivi, kwa hivyo mkojo wa mdogo wake uliofungwa kiunoni ndani ya kikoi unaweza kupita mtihani huo bila kupepesa. Kibandiko kinamkamata mzembe tu. Macho ya msimamizi ndiyo yanayofanya kazi.

Akishindwa kukojoa, mpe muda wa hadi masaa matatu na maji yasiyozidi lita 1.2 kwa jumla. Zaidi ya hapo unamsaidia kuzimua sampuli. Maabara huuita mkojo uliozimuliwa pale kreatinini, taka ya mwili inayotoka na mkojo, inapokuwa chini ya miligramu 20 kwa desilita na uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji ukiwa chini ya 1.003. Mkojo uliozimuliwa si kosa kwa mtu wa shamba anayekunywa maji ndoo nzima juani. Mwite tena kesho yake asubuhi mapema. Ukizimuliwa mara tatu mfululizo, hapo una jambo la kuandika.

Kusoma mistari

Kaseti hizi husomwa kinyume na watu wanavyodhani. Mstari ukitokea, dawa haipo. Mstari ukikosekana, dawa ipo. Mstari uliofifia, hata uwe kama uzi wa buibui, ni mstari: andika hana. Mstari wa C, unaoonyesha kuwa kaseti inafanya kazi, usipotokea, tupa kaseti na uanze upya. Soma dakika ya tano, na baada ya dakika kumi usisome tena kwa sababu mistari hubadilika inapokauka. Piga picha ikiwa na saa na namba ya jalada, si jina.

Majibu ya kaseti ni dalili, bado si ushahidi wa kumfunga mtu. Rifampisini ya kifua kikuu na viuavijasumu kama ofloksasini vinaweza kuifanya kaseti iseme kuna mofini. Efavirenzi, iliyokuwa ikitumika sana kwa wenye virusi vya ukimwi, inaweza kuonekana kama bangi. Dawa ya kikohozi yenye kodeini inaonekana kama mofini, na hapo kaseti haikosei. Akikana, funga chupa zote mbili mbele yake, kila mmoja atie sahihi juu ya kizibo, ziwekwe kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8, kisha zisafirishwe kwenye boksi la barafu hadi maabara ya Mkemia wa Serikali Mombasa. Ni kilomita 120 hivi. Kila mkono ulioshika chupa uandikwe kwenye fomu pamoja na saa. Kesi nyingi hufia hapa: mkojo ni sawa, majibu ni sawa, ila hakuna anayejua chupa ililala wapi usiku wa Jumanne.

Bangi inahitaji akili zaidi. Aliyekuwa akivuta kila siku anaweza kukutwa nayo hadi siku 30 baada ya kuacha, kwa hivyo sampuli ya kwanza ni kianzio tu na haiadhibiwi. Baada yake tegemea namba za maabara, ugawanye kwa kreatinini. Tuseme sampuli ya kwanza ina nanogramu 300 kwa mililita na kreatinini miligramu 150 kwa desilita, yaani 1.5 kwa mililita: hiyo ni nanogramu 200 kwa kila miligramu. Siku kumi baadaye ina 200 na kreatinini 200, sawa na 100. Anashuka, mwache. Wiki inayofuata ina 180 na kreatinini 60. Ukitazama namba tupu utafurahi, 180 ni chini ya 200. Igawanye: ni 300, mara tatu ya ile iliyotangulia. Maabara nyingi huhesabu ongezeko la mara 1.5 kuwa uvutaji mpya. Huyu amevuta, akanywa maji mengi.

Baada ya majibu

Mwaka 2004 jaji Steven Alm alianzisha mpango Honolulu, Hawaii, uliojulikana kama HOPE: kupima kwa kushtukiza, na kila ukiukaji kujibiwa mara moja kwa siku chache za seli badala ya onyo juu ya onyo hadi kifungo cha miaka. Matokeo ya kwanza yalisifiwa sana. Ulipojaribiwa baadaye Arkansas, Massachusetts, Oregon na Texas, haukuonyesha tofauti ya maana na probesheni ya kawaida. Kwa hivyo usiuchukue kama dawa ya mganga. Linalofaa kubebwa ni kwamba jibu dogo la leo linaeleweka kuliko jibu kubwa la baada ya miezi mitano.

Afisa wa Kenya hana uwezo wa kumtia mtu seli. Anachoweza kufanya siku ileile ni kuongeza siku za kuripoti, kumrudisha kwenye kura kamili, kumpeleka kliniki, kumwita mzazi au mke kama amri inaruhusu. Zaidi ya hapo anatoa taarifa ya kiapo kortini, na hakimu hutoa samansi au waranti. Ikithibitika, hakimu aweza kumtoza faini na amri ikaendelea, au amhukumu kwa kosa la awali. Ucheleweshaji uko kwenye makaratasi, basi uwe na kiapo kilichokwisha chapwa kikiwa na nafasi za tarehe, dawa na namba ya chupa, na uombe kwenye kamati ya watumizi wa mahakama itengwe asubuhi moja ya wiki kwa mafaili haya tu.

Asiyefika kabisa umchukulie kwa uzito kuliko aliyefika na mkojo mchafu. Aliyekuja bado yuko mikononi mwako. Ambaye hakuja atafutwe siku hiyohiyo: simu, kisha naibu wa chifu, kisha nyumbani.

Kabla hujaomba seli, muulize daktari. Mtu wa unga atapata arosto, atatapika na kuharisha, na mara nyingi atavuka akipewa maji na uangalizi. Mtu wa bugizi au wa pombe nyingi akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege akafa sakafuni. Mteja wa methadoni apelekewe dozi. Akikosa siku tatu, kliniki lazima impime upya kabla ya kumpa kiwango chake cha zamani. Na wa unga akitoka seli baada ya wiki, mwili umeshasahau: kete aliyoizoea inaweza kusimamisha pumzi zake. Pigia kliniki simu kabla lango halijafunguliwa, ukiwa na saa ya dozi yake ya mwisho, na hakikisha anayempokea nyumbani amefundishwa kutumia naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga.