Kumtembelea rafiki Istanbul na kuuona mji

Kabla ya kukata tiketi, muulize mwenyeji wako: anakaa upande wa Ulaya au wa Asia? Mlango bahari wa Bosphorus umeugawa mji, na viwanja vya ndege ni viwili. Kama anakaa Kadıköy, mtaa wa upande wa Asia, shukia uwanja wa Sabiha Gökçen, maana metro ya M4 inakufikisha huko moja kwa moja. Ukishukia uwanja mkubwa wa upande wa Ulaya itabidi uvuke na mizigo, na jioni foleni za madarajani hazina huruma.

Nunua Istanbulkart siku hiyohiyo, uitie salio. Kadi hiyo moja ndiyo metro, tramu, basi na feri.

Kwa mji wa kale, chagua Jumatano au Alhamisi. Jumanne kasri la Topkapı limefungwa, Jumapili Soko Kuu limefungwa, na Ijumaa asubuhi watalii hawaingii Msikiti wa Buluu mpaka swala ipite. Siku nyingine pia milango yake hufungwa kwa watalii kila swala, kwa hiyo usipange kufika adhuhuri.

Ayasofya, kanisa la kale lililokamilika mwaka 537 na sasa ni msikiti, ina njia mbili. Wanaoswali huingia chini bila malipo. Mtalii hukata tiketi na kupanda roshani ya juu, kwenye picha za vigae vya enzi za Bizanti. Wanawake wabebe kanga au mtandio mkobani. Kisha vuka barabara, ushuke kwenye birika la kale la kuhifadhia maji, lililo chini ya ardhi, lenye nguzo 336. Nenda hadi mwisho kabisa: nguzo mbili zimekalia vichwa vya mawe vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nywele za nyoka, kimoja kimelala ubavu, kingine kimepinduliwa juu chini. Wengi hugeuka kabla ya kuvifikia.

Kurudi Kadıköy, panda tramu ya T1 hadi Eminönü, kisha feri ya Kadıköy. Kaa nje, upande wa kulia. Jua likizama, kuba na minara hubaki vivuli vyeusi nyuma yako, na hakuna tiketi ya makumbusho inayokupa hayo.

Nyumbani kwa mwenyeji vua viatu mlangoni, utapewa ndara. Mkono mtupu haupendezi, kilo moja ya baklava inatosha. Mama mwenye nyumba mwite *teyze*, yaani mama mdogo, na ukimaliza kula mwambie *elinize sağlık*, yaani mikono yako iwe na afya. Chai ya rangi huja katika gilasi ndogo isiyo na mkono: ishike ukingoni, usiungue. Ukiimaliza itajazwa tena na tena. Ukitosheka, laza kijiko juu ya mdomo wa gilasi.