Somo: Kununua Jengo la Biashara Ambalo Muuzaji Wake Anabaki Kuwa Mpangaji

Katika mpango huu, kampuni humuuzia mwekezaji jengo lake na papo hapo hutia saini mkataba wa kulipanga, mara nyingi kwa miaka 10 hadi 20. Kampuni hupata fedha bila kuhama, na mwekezaji hupata jengo lenye mpangaji tayari.

Hatua ya kwanza ni kusoma hesabu za muuzaji zilizokaguliwa, angalau za miaka mitatu, kabla hata ya kwenda kulitazama jengo. Uliza fedha zitakwenda wapi, kwani anayeuza ili alipe deni ghali si sawa na anayeuza ili wenye hisa wagawane.

Hatua ya pili ndiyo inayowaumiza wengi: linganisha kodi ya pango na ile ya soko. Tuseme jengo linauzwa shilingi milioni 200 kwa kodi ya milioni 20 kwa mwaka, yaani asilimia 10. Ikiwa majengo ya jirani yenye ukubwa na hali hiyohiyo hupangishwa kwa milioni 14, basi kwa kiwango kilekile cha asilimia 10 jengo hilo lina thamani ya milioni 140, na zile milioni 60 zilizozidi umemkopesha muuzaji bila dhamana yoyote. Nchini Marekani, migahawa ya Red Lobster ilinunuliwa mwaka 2014 na kampuni ya uwekezaji ya Golden Gate Capital kwa dola bilioni 2.1, na majengo ya migahawa takriban 500 yakauzwa kwa dola bilioni 1.5 na kupangwa tena. Mei 2024 Red Lobster iliomba kinga ya kufilisika, ikitaja miongoni mwa sababu zake mikataba ya pango iliyozidi bei ya soko.

Hatua ya tatu ni mkataba wenyewe. Uandikwe wazi ni nani atakayelipa bima, kodi ya ardhi na matengenezo, na hasa paa likivuja mwaka wa 12 ni nani atakayeliezeka upya. Ikiwa mpangaji ana kampuni mama, nayo itie saini ya udhamini.

Mwisho, fanya upekuzi wa hati miliki, hakikisha rehani ya benki imeondolewa, na utumie mthamini wako mwenyewe.

Maswali ya wanachama

Swali: Muuzaji akitaka haki ya kulinunua tena jengo, nikubali?

Jibu: Unaweza, ila faida ya kupanda kwa bei itakuwa na kikomo. Mwaka 2009 kampuni ya New York Times iliiuzia kampuni ya uwekezaji wa majengo ya W. P. Carey sehemu yake ya jengo la makao makuu kwa dola milioni 225, ikiwa na haki ya kuinunua tena mwaka 2019 kwa milioni 250, na ikaitumia. Mnunuzi alibaki na kodi za miaka hiyo na nyongeza ya milioni 25 tu.

Swali: Kwa sisi wa Kenya, kuna gharama gani juu ya bei?

Jibu: Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 4 mijini na 2 mashambani. Tena kodi ya pango la biashara hutozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ikiwa umesajiliwa kwa kodi hiyo, hivyo mkataba useme kama kiasi kilichotajwa kinaijumuisha.

Swali: Na kama ni ghala la baridi?

Jibu: Mpangaji wa pili wa jengo la namna hiyo ni adimu. Mwite mkandarasi akadirie gharama ya kuligeuza liwe ghala la kawaida, kisha uipunguze kwenye bei utakayotaja.