Kabla hujapiga Windows kwenye kompyuta yenye diski mbili au tatu, fanya haya kwanza

Kama mashine yako ina diski moja tu, bekapu vitu vyako uendelee, hii haikuhusu sana. Naongea na wewe mwenye deskitopu yenye SSD ndogo ya Windows (diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani) na hadi diski (hard disk, ile ya kuzunguka) kubwa ya kutunzia vitu, au mwenye laptop iliyoongezewa diski ya pili, au mwenye studio ambaye humo ndani kuna diski tatu na hukumbuki ipi iliingia lini. Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 watu wanapiga Windows upya kila siku, hapa Mwanza kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, wengi wanajifanyia wenyewe nyumbani baada ya kuangalia video moja, na video nyingi zinaonyesha kompyuta yenye diski moja. Shida inaanzia hapo.

Kwanza hakikisha mashine yenyewe inaikubali Windows 11. Inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka), RAM isiyopungua GB 4 na nafasi ya GB 64. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc, utaona kama TPM ipo na ni toleo gani. Angalia hilo kabla hujafuta chochote, sio baada.

Flashi ya kupigia Windows iwe ya GB 8 au zaidi, na isiwe na kitu unachokipenda maana itafutwa yote. Bando liwe la kutosha, faili la Windows 11 linazidi GB 5. Pakua na draiva ya Wi-Fi ya mashine yako (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia Wi-Fi) uiweke kwenye flashi nyingine, kwasababu Windows 11 inataka intaneti wakati wa kujiseti na bila draiva utakaa pale huwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kwenye laptop nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 kuna draiva nyingine ya diski inaitwa Intel RST, usipokuwa nayo setapu inaweza isione SSD yako kabisa ikakuonyesha ile diski nyingine peke yake, na mtu asiyejua anadhani ndiyo hiyo hiyo anaifuta. Umeme, unajua mwenyewe. Deskitopu iwe kwenye UPS, laptop iwe na chaji ya kutosha na iwe imechomekwa.

Bekapu. Hapa wengi wanajidanganya. Mtu anatoa vitu C anapeleka D anasema nimebekapu, kumbe C na D ni diski moja imegawanywa vipande viwili. Hiyo sio bekapu, umehamisha nguo kutoka kabati kwenda kitandani na nyumba ni ileile. Bekapu ni kitu kinachotoka nje ya mashine, eksteno (diski ya nje) iliyochomolewa na kuwekwa mezani. Na usisahau kwamba Desktop, Downloads na Documents viko C hata kama wewe una diski tatu, nimeona ripoti ya mwanafunzi wa chuo imepotea hivi hivi, aliiacha Desktop. Paswedi za brauza, faili za hesabu za Tally au QuickBooks, barua pepe kama unatumia Outlook, vyote vitafute vilipo kabla. Programu ulizoinstoo D usizihesabu, folda itabaki lakini nyingi hazitafunguka mpaka uzipige upya.

BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kufunga diski, nayo iangalie. Laptop nyingi mpya zinafunga diski kimyakimya bila wewe kuambiwa vizuri, na kama diski ya pili nayo imefungwa, Windows mpya itakuomba funguo ya tarakimu 48 ndiyo ikufungulie. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uitafute, iandike kwenye karatasi, au zima BitLocker kwenye kila diski na usubiri imalize kabisa kufungua kabla hujagusa kitu. Usipokuwa na hiyo funguo hakuna fundi wa Mwanza wala wa Dar atakayekusaidia, kaa ukijua.

Sasa lile ambalo ndilo lililonikalisha niandike.

Kuna mama mmoja mwenye studio Nansio, Ukerewe, anapiga picha na video za harusi, send-off, kipaimara, misiba, kila kitu. Alivuka na meli ya asubuhi akiwa na CPU yake ameifunga kwenye kitenge kama mtoto. Mashine ilikuwa nzito, inaganda, akataka Windows mpya. Ndani kulikuwa na hadi diski mbili, zote za TB 1. Akaniambia, "Mwanangu, kazi zangu zote ziko kwenye ile diski nyingine, wewe futa ya Windows tu." Nikamwambia sawa mama, nenda mjini ufanye mambo yako, mpaka saa nane itakuwa tayari. Nikachomeka flashi nikawasha.

Kwenye skrini ya kuchagua diski, setapu haikuonyeshi C, D wala E. Inakuonyesha Drive 0 na Drive 1, na matoleo mapya yanaandika Disk 0 na Disk 1. Mimi kichwani nilikuwa nimejiwekea kwamba 0 ndiyo ya kwanza na ya kwanza ndiyo yenye Windows. Sio kweli. Ile namba mara nyingi inafuata waya umechomekwa tundu gani kwenye mazabodi, haijali Windows iko wapi, na inaweza hata kubadilika ukiongeza diski. Ukubwa haukunisaidia, zote mbili ziliandika GB 931 na pointi maana TB 1 ya dukani ndiyo inavyosomeka. Nikaangalia tena, Drive 0 ina kipande kidogo kimeandikwa System Reserved, nikasema haya, hiki ni kipande cha Windows, basi ndiyo yenyewe. Nilichokuwa sijui ni kwamba ile diski ya kazi zamani ilitoka kwenye kompyuta nyingine ambayo nayo ilikuwa na Windows, yule mama akafuta mafaili ya Windows akaanza kujaza video zake, kile kipande kidogo kikabaki. Diski zote mbili zilikuwa na System Reserved. Kama ningeshuka mistari miwili chini ningeiona ya pili, sikushuka. Nikapiga Delete, nikapiga Delete nyingine, nikapiga Next.

Baada ya kama nusu saa Windows mpya ikafunguka safi, inakimbia. Nikaingia This PC, nikafungua ile diski nyingine nione kazi za mama zimekaa vizuri, nikakuta folda tatu: Windows, Program Files, Users. Nilikaa. Nakumbuka mpaka leo feni ya CPU ilivyokuwa inalia.

Nilifanya jambo moja la maana siku ile, nilichomoa umeme hapo hapo na sikuiwasha tena ile diski kama diski ya kuandikia. Nikaifunga kwenye mashine nyingine nikaanza kuifukua kwa TestDisk na PhotoRec, siku tatu mchana na usiku. Picha nyingi zilirudi lakini bila majina, maelfu ya mafaili yanaitwa f na namba ndefu, harusi ya huyu imechanganyika na msiba wa yule. Video ndizo zilizoumia, faili kubwa limekatika katikati, na pale mwanzo wa diski ambapo Windows mpya ilijiandika juu yake hakuna kilichorudi. Na hiyo ilikuwa hadi diski ya kuzunguka. Ingekuwa SSD nisingepata hata hizo picha, kwasababu SSD ikishafutwa kuna kitu kinaitwa TRIM kinaisafisha kwelikweli, programu za kufukua zinakuta sifuri.

Mama aliporudi nilimwambia ukweli. Hakupiga kelele. Aliuliza video moja tu, send-off ya binti fulani wa kule kisiwani, maana baba yake yule binti alifariki miezi michache baada ya ile sherehe na familia ilikuwa bado haijaja kuchukua kopi. Niliitafuta zaidi ya zote. Nilipata dakika chache za watu wanaingia ukumbini, za mzee akiongea sikupata. Nilirudisha hela yake na nikamnunulia eksteno, lakini eksteno haina sauti ya yule mzee.

Kwahiyo nakuambia na naomba unisikilize, CHOMOA DISKI ZOTE ISIPOKUWA ILE UNAYOPIGIA WINDOWS. Usiamini macho, usiamini namba, usimwamini hata mwenye mashine anavyokuelezea. Zima kompyuta kabisa, shikilia Shift ukibonyeza Shut down ili isilale nusunusu, toa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, fungua pembeni. Kila hadi diski ina waya mbili, ya umeme na ya data, chomoa zote mbili. Kabla hujachomoa weka alama, mimi natumia rangi ya kucha, nukta moja kwenye waya na kwenye tundu lake, diski ya pili nukta mbili, haifutiki na haigharimu kitu. Piga picha na simu stika ya kila diski, ile yenye modeli na namba ya kiwandani (serial number). SSD za M.2, zile nyembamba zinazolala kwenye mazabodi, zinashikwa na skurubu moja ndogo, iweke kwenye kifuniko cha soda isipotee.

Kama ni laptop ambayo huwezi kuifungua, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uangalie kama inaruhusu kuzima tundu la ile diski. Ikishindikana kabisa, kwenye skrini ya setapu bonyeza Shift na F10, itafunguka skrini nyeusi, andika diskpart, halafu list disk, halafu select disk 0, halafu detail disk. Itakupa jina la modeli. Linganisha na picha uliyopiga, fanya hivyo kwa kila diski mpaka uwe na uhakika. Na siku hiyo ambayo huwezi kuchomoa, bekapu ya nje sio hiari tena.

Kuna sababu nyingine ya kuchomoa ambayo watu hawaijui mpaka iwakute. Hata ukichagua diski sahihi, setapu ikikuta diski nyingine tayari ina kile kipande cha kuwashia, kinachoitwa EFI, cha MB 100 hivi, inaweza kuweka faili zake za kubuti kule badala ya kwenye SSD yako mpya. Huoni tofauti, mashine inawaka vizuri. Miezi ikipita hadi diski ya zamani inakufa au unamgawia ndugu, unawasha, inakuambia hakuna kitu cha kubuti, wakati Windows yako iko nzima kabisa ndani ya SSD. Duka moja la steshenari liliniita kwa shida hiyo hiyo, wakati wa kuprinti mitihani, foleni mlangoni. Ilibidi nitengeneze kipande cha EFI kwenye SSD na kurudisha buti kwa amri ya bcdboot, ilipona, lakini wangechomoa ile diski siku ya kupiga Windows nisingeitwa.

Kama diski zako zimeunganishwa RAID kwenye BIOS, usiguse hiyo mipangilio, na kama hujui RAID ni nini ila umeikuta imeandikwa, simama uulize mtu.

Ukimaliza, zima, rudisha diski moja moja, washa kati ya kila moja. Herufi zinaweza kubadilika, iliyokuwa E ikawa D, na nyie wa video projekti zenu za Premiere zitasema hazioni klipu, nenda Disk Management uirudishie herufi yake ya zamani. Ukiambiwa huna ruhusa ya kufungua folda yako mwenyewe usishtuke na usiifute, ni umiliki wa ile Windows ya zamani, unaubadilisha. Windows mpya ikikuomba kufomati diski uliyorudisha, kataa, zima, kagua waya kwanza.

Muulize na kila anayeitumia hiyo kompyuta ana nini humo, hata mtoto. Usianze saa nne usiku umechoka, usianze mteja amekusimamia kichwani anataka kuwahi meli. Na flashi uichomoe mashine ikishaanza kuwaka yenyewe, la sivyo inaweza kuanza upya kutoka mwanzo na ile skrini ya kuchagua diski itarudi mbele yako, safari hii diski zote zikiwa zimeshachomekwa.