Somo: Kukadiria kasi ya elektroni ndani ya protini, kwa kalamu na karatasi

Wengi mkianza mada hii mnaiona protini kama waya wa shaba. Ifuteni picha hiyo. Protini ni kizio, na elektroni hukipenya kwa sababu ina tabia ya wimbi. Tutakadiria inachukua muda gani. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Hatua ya 1. Fungua faili la muundo wa protini yako, tafuta mtoaji na mpokeaji wa elektroni: hemu (pete ya kikaboni yenye chuma katikati), ayoni ya shaba, kishada cha chuma na salfa. Pima umbali ukingo kwa ukingo. Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Katika hemu, chuma kimekaa katikati ya pete, lakini elektroni imetandaa hadi kwenye pete yenyewe. Ukipima kutoka kwenye chuma, umejiongezea angstromu (sehemu ya kumi ya nanomita) kadhaa za bure, na utaona sasa hivi kila moja ina gharama gani.

Hatua ya 2. Viwili hivyo vikikaribia kugusana (angstromu 3 hivi), kasi ya juu ni kama 10¹³ kwa sekunde. Kutoka hapo, kila angstromu unayoongeza, gawa kasi kwa 3; muda ni 1 ukigawanya kwa kasi hiyo. Kigezo hiki kinatokana na azurini, protini ndogo yenye shaba iliyochunguzwa sana na mwanakemia Harry Gray na wenzake. Kwa hiyo angstromu 10 ni nanosekunde 0.2, angstromu 20 ni mikrosekunde 13, angstromu 30 inakaribia sekunde nzima! Kwa seli, hiyo ni kuchelewa kupita kiasi.

Hatua ya 3. Tafuta mawe ya kukanyagia. Zile angstromu 20 zikiwa na triptofani au tirosini (asidi amino zinazoweza kubeba chaji kwa muda) katikati, zinageuka miruko miwili ya angstromu 10, na mikrosekunde 13 zinakuwa nusu nanosekunde. Sharti: jiwe lisiwe juu mno kinishati, la sivyo elektroni haipandi. Kimeng'enya kinachotengeneza malighafi ya DNA katika bakteria E. coli huvuka angstromu 35 hivi kwa mtindo huu.

Hatua ya 4. Rekebisha kwa nishati. Hesabu ya juu ni dari tu. Inafikiwa pale nishati inayosukuma inapolingana na ile ya kujipanga upya kwa protini na maji yake, mara nyingi eV (elektronivolti) 0.7 hadi 0.8. Ukisukuma zaidi ya hapo, kasi inashuka. Mwanakemia Rudolph Marcus alilitabiri hilo mapema, watu wakasitasita kwa miaka. Nobel akaipata 1992.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, tunajuaje elektroni inapenya na si kwamba joto linaipandisha juu ya kizuizi?
Jibu: Poza uone. Mwaka 1966 wanasayansi DeVault na Chance walipoza bakteria wa usanisinuru. Kasi ilishuka pamoja na joto, halafu chini ya Kelvini 100 hivi ikagoma kushuka, hata walipoendelea kupoza. Kinachotegemea joto pekee kingeganda.

Swali: Peptidi zangu (minyororo mifupi ya asidi amino) za prolini: mwanzoni kasi inaporomoka kila nikirefusha, baadaye mteremko unalala. Nimeharibu wapi?
Jibu: Huenda hujaharibu. Mnyororo ukirefuka, kupenya kunaachia kuruka (kwa mawe ya hatua ya 3), na kuruka hakujali sana urefu. Ila kama umezibandika kwenye dhahabu kwa sisteini (asidi amino yenye salfa), hakikisha kwanza zimesimama. Peptidi iliyolala hufupisha njia bila kukuambia.

Swali: Heliksi (sehemu ya protini iliyojisokota) ina upande?
Jibu: Ndiyo. Ncha ya amino ina chaji chanya kidogo, kwa hiyo elektroni huielekea kwa wepesi kuliko kuikimbia.

Swali: Na bakteria Geobacter, mbona wanasafirisha elektroni mbali hivyo nje ya seli?
Jibu: Rudi hatua ya 3. Mwaka 2019 ilionekana kwamba nyuzi zao zimejengwa kwa OmcS, saitokromu (protini ya kubeba elektroni) yenye hemu sita, na hemu hizo zimefuatana zikikaribia kugusana toka mwanzo wa uzi hadi mwisho.